Bustani Niliyoipanda ili Nisionekane

Kabla sijaeleza lolote, ni lazima nisahihishe kumbukumbu. Ilisemwa mtaani kwetu hapa Mbinga, na kutoka hapa ikateremka milima hadi Lundo kando ya Ziwa Nyasa, kwamba mimi, mtumishi mstaafu wa serikali, nilijichimbia kaburi nyuma ya nyumba yangu na kulipamba kwa maua nikingali hai. Habari hiyo si ya kweli. Nilichochimba, au tuseme alichochimba mke wangu nikiwa nimesimama kando, ni ngoro. Nilichopanda ni bustani. Sababu ya kuipanda ilikuwa aibu, na aibu hiyo nusura inipeleke kwenye kaburi halisi.

Nilifanya kazi masijala kwa miaka thelathini na mmoja. Nilipokea barua, nikazipa namba, nikazipeleka kwenye majalada yake. Sikumbuki jalada lililopotea mikononi mwangu, ingawa nakumbuka vizuri yale yaliyopotea mikononi mwa wakubwa. Kwa hiyo naona haya kukiri kwamba jalada lililohusu uhai wangu mwenyewe nililifungia kabatini kwa miezi minne. Naandika kwa ajili ya mwanamume ambaye pengine anasoma ukurasa huu huku amebana mapaja, akijiambia kwamba ni baridi tu ya milimani.

Ugonjwa wangu unaitwa saratani ya tezi dume. Nauandika kwa jina lake kamili kwa kuwa kwa muda mrefu sikuweza kulitamka. Ulianza kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Kanisani nilihama benchi la mbele nililolikalia tangu nilipostaafu, nikaenda la mwisho, karibu na mlango. Mke wangu, Mama Erasto, aliniuliza kulikoni. Nilimjibu kwamba nahitaji hewa. Yeye ni Mmatengo wa hapa hapa, Mkatoliki wa kuzaliwa. Mimi ni Mnyasa niliyelelewa na Waanglikana wa ziwani. Katika ndoa yetu tumebishana juu ya mambo mengi, lakini hilo la hewa hakulibishia.

Mwanzoni mwa mwaka jana, mvua zikiwa zimekolea, mkojo ulikataa kutoka kabisa. Niliamka Jumatano ukiwa hautoki, na hadi saa nane mchana tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Mama Erasto alinipandisha kwenye pikipiki ya bodaboda kama gunia la kahawa, yeye akakaa nyuma kunishikilia, na kila shimo la barabara nililitambua kwa jina. Hospitalini muuguzi mmoja kijana aliniwekea mpira. Sitaeleza namna unavyowekwa. Nitasema tu kwamba mkojo ulipoanza kutiririka nililia machozi, mtu mzima mwenye wajukuu, na yule muuguzi akanigonga bega akisema, "Pole, baba. Lia tu, hata wakubwa wako hulia hapa." Neno hilo sijalisahau.

Nilirudi nyumbani na mpira ndani ya mwili na mfuko umefungwa kwenye paja. Mama Erasto alizifumua suruali zangu tatu akaziongeza upana. Hata hivyo nilijiona kama ninayetembea na kengele. Nikivuka uwanja, niliona macho. Nikiketi, nilisikiliza kama mfuko unatoa sauti. Nilianza kuvaa koti refu la mvua hata siku za jua, nami ndiye niliyekuwa nikiwakemea makarani wangu kwa kuvaa kandambili kazini.

Kisha nilipelekwa Songea kwa vipimo. Nataka kuliandika benchi la Songea kwa uangalifu, kwa kuwa wengi mtalikalia. Ni refu, la mbao, na limelainika kwa kukaliwa. Mmoja akiitwa, wote mnasogea nafasi moja, mkiburuta makalio bila kusimama. Asubuhi ile tulikuwa wanaume tisa, wote wa umri wangu. Mzee wa pembeni yangu aliniuliza, "Ndugu yangu, wewe unasumbuliwa na nini?"

"Mgongo," nikajibu. "Na wewe?"

"Mgongo."

Wa tatu naye akasema ni mgongo. Wa nne alikuwa mgongo na miguu kidogo. Sote tisa tulikuwa na mgongo, na sote tulikuwa tumevaa makoti yetu kwa namna moja, yakifunika paja lenye mfuko. Hakuna aliyecheka. Mimi niliyetumia maisha kuhakikisha kila jalada lina kichwa sahihi, siku ile niliandikisha cha uongo kwa kinywa changu.

Walichukua damu, wakachukua vipande vya nyama. Majibu yalikuja katikati ya mwezi wa tatu. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema nitachomwa sindano kila baada ya miezi mitatu, ile ya kwanza siku hiyo hiyo, na kwamba ni lazima niende Dar es Salaam kupigwa mionzi, karibu wiki saba, nikiwa na mtu wa kuniangalia. Aliandika barua ya rufaa akanikabidhi.

"Nitajipanga, daktari," nikasema.

"Mzee," akasema, "usijipange sana."

Nilijipanga hadi mwezi wa saba. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa nadhifu. Barabara ilikuwa na matope. Kisha kahawa ilikuwa inaanza kuiva. Goti la Mama Erasto halikuweza kukaa kwenye basi kutwa nzima, na hilo lilikuwa kweli. Mwanangu Erasto anafanya kazi kwenye meli, harudi ila mara moja kwa mwaka, na binti yangu ni mwalimu Dodoma. Je, binti amfunge babaye mfuko wa mkojo? Alibaki dada yangu, Hilda, wa Lundo. Lakini kumwomba Dada Hilda anisindikize kungemaanisha kumwambia, na kumwambia ndiko nilikokuwa nakukimbia. Barua niliitia kwenye jalada jipya, nikaliandika "Binafsi", nikalifungia.

Bustani ilianza wiki ile ile niliyopewa barua. Muuguzi alikuwa ameniagiza nitembee kila siku, nisikae kama mkungu wa ndizi. Nitembee wapi? Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na barabara inapita mbele yake kuelekea kwenye mtambo wa kukoboa kahawa, hivyo mtaa mzima hutupita asubuhi na jioni. Uwanja wetu hufagiliwa kila siku mpaka sisimizi anaonekana. Choo kiko ukingoni mwake, upande wa barabara. Kila nilipokwenda kumwaga mfuko nilihisi napanda jukwaani. Nilitaka mahali pa kutembea na kumwaga pasipoonekana. Nilitaka majani marefu kuliko mtu.

Nilimfuata Mama Erasto jikoni.

"Naomba lile shamba lako la maharage nyuma ya nyumba."

"Unaomba maharage?"

"Shamba. Nusu yake. Nataka kupanda maua."

Aliweka mwiko chini. "Baba Erasto, wewe? Wewe uliyening'olea mchicha mbele ya nyumba kwa kuwa unaharibu sura ya makazi ya mtumishi?"

"Yale yalikuwa mazingira mengine."

"Maua gani?"

"Yoyote. Marefu."

Aliuelewa ule urefu kabla sijaueleza. Alifuta mikono kwenye khanga, akasema, "Basi kesho ulete panga. Lakini tutapanda kwa ngoro. Shamba langu halijui kitu kingine."

Kwa asiyetoka huku: ngoro ni mashimo mapana ya Wamatengo, yaliyopangwa mlimani kama vyumba vya sega la asali. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Mwanamke huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani, na matuta yaliyofunikwa hivyo ndiyo yanayopandwa. Mvua ikija, maji hutulia shimoni na kuzama polepole, na mlima hauporomoki. Mimi nilioa hapa nikakaa ofisini maisha yangu yote, sikuwahi kulaza nyasi hata siku moja. Siku ile nilitumia kamba na vijiti kunyoosha mistari. Mama Erasto aliketi akanitazama hadi akashindwa kujizuia.

"Unapima kiwanja, mume wangu? Nyasi hulazwa, hazisimamishwi foleni."

Tulifanya hivyo siku nne, kidogo kidogo, mimi nikikata nusu saa na kupumzika saa nzima, yeye akichimba na goti lake limefungwa kitambaa. Tangu tulipooana hatukuwahi kufanya kazi moja upande kwa upande. Nilikuwa na miaka sitini na saba nilipogundua kwamba mke wangu huimba anapochimba, na kwamba huimba vibaya.

Maua tuliyatoa porini. Tulikwenda pembezoni mwa msitu na kando za vijito, asubuhi na mapema kabla barabara haijajaa, nikiwa na koti langu. Tulileta lile la rangi ya chungwa linalozunguka shina kwa vishada, kimoja juu ya kingine, mpaka linampita mtu kichwa. Tulileta yale ya manjano makavu ambayo hata yakikatwa hayanyauki. Tulileta vitunguu vya maua mekundu yenye koo refu, na ua dogo la buluu ambalo hufunga ifikapo mchana. Mama Erasto alinitajia yote kwa Kimatengo, nikayaandika katika daftari. Alipoyasoma alisema kwamba nimeandika lugha ya watu wasiojulikana.

Upande unaoelekea barabara, ubavuni mwa nyumba hadi chooni, nilitaka ukuta mnene zaidi, wenye miiba. Nikalikumbuka waridi jeupe la utotoni mwangu kule Liuli, jirani na Lundo, lile linalotambaa, linalopanda juu ya kitu chochote kilichosimama na kukifunika. Kuna mama mmoja ambaye hupanda huku kila wiki na magunia ya dagaa wa Nyasa. Nilimwagiza aniletee pingili. Kwa kuwa napenda maelekezo yawe sahihi, nilimwambia hasa lilipo: juu ya ukuta wa makaburi ya misheni. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na ninalikubali. Kwetu ziwani, na huku milimani pia, hakuna apandaye maua ya kukusudia isipokuwa juu ya marehemu wake. Mtu mzima anayeagiza waridi la makaburini huwa ametoa taarifa, hata asipojua.

Pingili zilikuja zimefungwa kwa gunia bichi. Mvua za mwezi wa nne zilizishika, na kufikia Juni, baridi ilipoanza na ukungu kulala mabondeni mpaka saa nne, bustani yangu ilikuwa kichaka. Sitatumia neno jingine. Waridi lilikuwa limeruka uzio. Lile la chungwa lilinizidi kwa kiganja. Nilitembea juu ya matuta, kutoka shimo hadi shimo, mizunguko kumi asubuhi na kumi jioni, na chini kabisa, penye ngoro ya mwisho, nilimwaga mfuko wangu bila shahidi isipokuwa nyuki. Ndege wadogo wenye midomo mirefu walikuja. Nilianza kuwangojea. Niliona aibu kidogo kwamba nimefurahi.

Mtendaji wetu wa mtaa, binti mwenye bidii, alikuja na barua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu."

Barua iliniamuru kuondoa kichaka kinachofuga nyoka na mbu. Haikuwa na kumbukumbu namba. Haikuwa na tarehe. Jina langu lilikuwa na herufi mbili zisizo zangu. Niliisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikamweleza kwamba maji ya ngoro huzama kabla mbu hajapata nafasi, na nikamrudishia.

"Sasa Mzee, nifanye nini?"

"Ukaiandike upya."

Hakurudi nayo. Kwa haki yake niseme kwamba alikuwa na adabu, na kwamba wakati wote wa mazungumzo yale nilisimama nyuma ya waridi kutoka kiunoni kwenda chini.

Sindano ya pili ilikuwa Juni hiyo hiyo, nayo ilinionyesha mambo ambayo hakuna aliyenitayarishia. Nilikuwa nimeketi mezani, nje kuna ukungu, ghafla moto ukanipanda kifuani hadi masikioni, jasho likanitoka kama niliyekimbizwa. Nikavua sweta. Baada ya dakika tano nikalivaa. Nikalivua. Mama Erasto alinitazama huku uso wake ukibadilika.

"Yanaanzia hapa?" akagusa kifua chake. "Halafu unasikia kama kwamba watu wote ndani ya chumba wamekukosea?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akashika meza. "Karibu, mwenzangu. Mimi yalinishika miaka mitano hedhi ilipokoma, ukaniambia nipunguze pilipili."

Nilikumbuka kwamba nilisema hivyo. Nimemwomba radhi, na radhi hiyo naiandika hapa ili iwe na kumbukumbu. Matiti yangu nayo yalivimba kidogo, yakauma nikigusa shati. Vinyweleo vya miguuni vilipungua. Nasema haya ili yakikupata usidhani umerogwa. Ni dawa inafanya kazi.

Katikati ya mwezi wa saba, wavunaji wakiwa mashambani, Dada Hilda alishuka kwenye gari bila taarifa, amebeba kikapu cha samaki wakavu na mkoba mmoja. Ananizidi miaka tisa. Mama yetu alifariki nikiwa nimeanza tu kutembea, na Dada ndiye aliyenilea.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba," akasema, akanipita. Hakuniangalia usoni. Alimkumbatia Mama Erasto, akala, akalala mapema. Nilidhani ni uchovu wa kupanda milima.

Asubuhi nilisikia jembe. Nilivaa koti nikazunguka nyumba. Dada yangu, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa katikati ya bustani yangu, khanga ameikaza kiunoni, anang'oa. Alikuwa ameshang'oa mashina kumi na moja. Niliyahesabu baadaye. Matatu yalikuwa ya waridi. Alikuwa akivuta udongo wa tuta na kuurudisha shimoni.

"Dada! Unafanya nini?"

"Nafukia."

"Unafukia nini?"

"Usijifanye hujui, Edi. Kama umeamua kufa, hilo ni lako. Lakini hutalala huku milimani kwa wakwe zako, baba na mama wakakungojea Lundo."

"Hili si kaburi! Ni ngoro!"

"Ngoro ni shimo la maharage. Nimeyaona mashimo ya Wamatengo kabla wewe hujaoa." Alinielekezea jembe. "Hili lina maua. Shimo lenye maua ni nini, msomi?"

Nilinyoosha mkono nilichukue jembe, akalivuta nyuma.

"Na waridi umelitoa wapi? Makaburini! Mama wa dagaa alisimama ufukweni, mbele ya watu wote, akauliza nani atamkatia waridi la makaburini, mgonjwa wa Mbinga analitaka. Mgonjwa! Mimi niliyekulea, nasikia habari zako kwenye mizani ya dagaa!"

Mama Erasto alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Mwambie," akasema. "Usipomwambia wewe, namwambia mimi, na mimi nitaongeza chumvi."

Nilisimama pale. Mtu anaweza kuogopa jambo kwa miezi hadi likawa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Niliinama, nikapandisha mguu wa suruali hadi pajani, nikamwonyesha dada yangu mfuko.

Aliutazama, akaegemea jembe.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Na haya maua?"

"Ni ili watu wasinione nikimwaga."

Kwanza alicheka. Alicheka kwa sauti, jembe likamdondoka, akaketi juu ya tuta lililobomoka. Kisha nikaona kwamba kicheko kimegeuka na mabega yanatikisika kwa jambo lingine. "Edi," akasema, "mimi nilikuogesha ziwani ukiwa huna meno, na kila nikikunyanyua unanikojolea. Kila siku! Leo ndiyo unanificha mkojo?"

Niliketi kando yake. Nilimweleza yote, kuanzia benchi la mwisho kanisani. Aliuliza maswali mafupi, kama mkaguzi. Mwisho akauliza, "Daktari alisema ufanye nini?"

"Niende Dar es Salaam. Kupigwa mionzi."

"Alisema lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Huu ni wa ngapi?"

Niliteremsha mguu wa suruali.

"Wa saba!" Alisimama. Sijawahi kumwona na hasira ya namna ile, hata nilipovunja mtungi wa bibi. "Wewe! Wewe uliyekuwa unaandikia watu barua za onyo kwa kuchelewesha karatasi siku mbili! Umeipeleka wapi barua ya daktari?"

"Kwenye jalada."

"Kalilete."

Nililileta. Tuliondoka siku ya nne. Siku mbili kabla, Dada Hilda alizirudisha zile ngoro alizozifukia, akipokea maelekezo kutoka kwa wifi yake na kuyabishia yote. Kati ya mashina kumi na moja, sita yalishika tena.

Huko Dar es Salaam daktari alisoma barua, akaitazama tarehe, akanitazama. Alisema uvimbe haujatoka nje ya tezi, na kwamba sindano zimeushikilia, lakini kwamba zisingeushikilia hivyo kwa muda mrefu. "Umebahatika," akasema. Sipendi neno hilo. Katika kazi yangu aliyebahatika ni yule ambaye uzembe wake haukugunduliwa. Lakini nililipokea.

Wiki za mionzi nilizihesabu kwa joto na kwa benchi. Unakunywa maji, unangoja kibofu kijae, unalala chini ya mashine, haiumi. Kinachokuja baadaye ni uchovu unaokushika magotini, na tumbo linaloharisha bila kuomba ruhusa. Wiki ya nne nilikosa hata nguvu za kukasirika. Dada Hilda aliniwekea uji, akafua, akagombana na mwenye nyumba tuliyopanga kuhusu maji. Na pale kwenye benchi alifanya jambo ambalo mwanzoni lilinifanya nitamani ardhi ipasuke. Mgonjwa mpya alipoketi, Dada alimsalimu, akasema, "Huyu mdogo wangu ana tezi dume. Wewe je?"

Wa kwanza alikohoa. Wa pili alisema, "Na mimi, Mama." Baada ya siku kumi benchi letu lilikuwa na kelele kama mnada. Watu waliulizana habari za mipira, za majoto, za ndoa. Mzee mmoja wa Newala alieleza jambo kuhusu yeye na mkewe ambalo sitaliandika, tukacheka mpaka mhudumu akatoka kutuangalia.

Wiki ya pili waliutoa mpira kujaribu kama nitakojoa mwenyewe. Nilipewa maji, nikatembezwa kwenye korido, nikaenda chooni. Dada alisimama nje ya mlango.

"Umetoka?"

"Bado."

"Usiulazimishe. Umetoka?"

"Dada, niache!"

Kisha ulitoka. Kidogo, ukakatika, ukaendelea. Nilisema kwa sauti ya chini, "Umetoka," naye akatangaza kwa sauti ya kanisani, "Umetoka!" na benchi zima likapiga makofi. Nilitoka nimeinamisha kichwa. Kisha nikakiinua, kwa kuwa niliona ni upuuzi kuwaonea haya watu waliokuwa wakinishangilia.

Tulirudi mwishoni mwa mwezi wa tisa, vumbi likiwa bado jingi, na mvua za kwanza zilinikuta nyumbani. Sindano bado naendelea nazo, na kipimo cha damu kila baada ya miezi mitatu. Waridi lilikuwa limepanda juu ya paa la choo. Mama Erasto alikuwa ameacha kila kitu kikue kilivyotaka, akapanda maharage katikati, kwa maelezo kwamba shamba ni lake. Nilikata waridi upande wa barabara upana wa mlango, kwa kuwa sikuwa tena na cha kuficha pale, na watu wakaanza kuingia. Wanawake walitaka mbegu. Watoto walitaka kuona ndege. Dada Hilda, aliyerudi Lundo akiwa amekonda kuliko mimi, alituma salamu kwamba wote kule wameambiwa sijafa na kwamba waache kuniombea vibaya.

Mwezi uliopita alikuja Mwalimu Kanisius, aliyekuwa mkuu wa shule hapa mtaani kwetu, mtu ambaye kwa miaka mingi tuliandikiana naye barua kali kuhusu orodha za walimu. Hakuwahi kunitembelea. Alisema amekuja kuomba pingili za waridi.

Nilimtembeza. Aliyasifu maua, kisha akayasifu tena. Alisimama penye tuta la juu, akahamisha uzito wake mguu hadi mguu. Aliuliza waridi linapandwa msimu gani, nami nilikuwa nimeshamjibu. Aliomba radhi, akaenda chooni, akakaa muda mrefu, akarudi, akasifu nyuki. Haikupita robo saa akatazama tena upande wa choo.

"Mwalimu," nikasema, "mkojo unatoka vizuri?"

Uso wake ulikuwa ule ule niliomwona nao siku zote, wa mtu anayetaka kuomba maelezo kwa maandishi. Nilidhani ataondoka.

"Tangu Pasaka," akasema. "Unatoka kwa matone. Hata mama watoto hajui."

"Nilikuwa hivyo hivyo. Mimi nina saratani ya tezi dume. Yako huenda si saratani, wengi si hiyo, lakini hutajua ukiwa umesimama hapa."

"Nitajipanga," akasema. "Wiki ijayo, tukimaliza palizi. Leo nikatie hizo pingili tu, nikazipande kabla mvua hazijaisha."

Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu. Sikuutoa.

"Waridi linangoja," nikamwambia. "Mkojo haungoji. Vaa koti lako, Mwalimu, tunakwenda wote."

Alinitazama, akatazama barabara iliyojaa watu wa asubuhi, akaanza kufunga vifungo. Cha juu kilimshinda, kwa hiyo nilimfungia mimi.